"Nikisoma sana, si nitawaiga?" Jibu kwa kijana anayeandika riwaya yake ya kwanza

SWALI

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, naishi mkoani Ruvuma. Nimeanza kuandika riwaya inayomhusu babu yangu na shamba lake la kahawa kule Mbinga, miaka ya sabini. Nimefika kurasa kama arobaini. Shida ni kwamba kila ninaposoma riwaya ya mtu, maandishi yangu yanageuka kuwa yake. Juzi nimemaliza kitabu cha mwandishi wa riwaya Euphrase Kezilahabi, na sura niliyoiandika baada ya hapo imejaa huzuni ambayo hata sielewi imetoka wapi. Rafiki yangu ananishauri niache kusoma mpaka nimalize kuandika, ndipo nitapata sauti yangu. Je, ni kweli? Na kama ni lazima nisome, nisome nini? Maktaba ninayoitumia ina riwaya chache sana, vingi ni vitabu vichakavu vya zamani vya kilimo na siasa. La mwisho: naweza kuanza kutuma hizi kurasa arobaini kwa wachapishaji?

JIBU

Marahaba mwanangu.

Usiache kusoma. Rafiki yako anakutakia mema, lakini ushauri wake utakupeleka pabaya zaidi. Mwandishi anayeacha kusoma hapati sauti yake. Anabaki na sauti za vitabu alivyosoma zamani, na kwa kuwa amekwisha kuvisahau, anadhani maneno ni ya kwake. Jua linazama likiwa na rangi ya dhahabu, machozi yanambubujika mama, moyo unamwenda mbio kijana. Sentensi hizi tunazo sote. Zilituingia utotoni kwa njia ya vitabu vya kiada, redio na tamthilia, na kalamu isipopewa kitu kingine huzirudia hizo hizo. Wewe angalau unajua huzuni ile imetoka kwa nani, kwa hiyo unaweza kuishika na kuihoji.

Ninavyoona mimi, kinachokusumbua ni kwamba unasoma mwandishi mmoja, kwa mapenzi makubwa, halafu unakaa kuandika akiwa bado peke yake kichwani mwako. Kezilahabi ana nguvu. Ukitoka kwake ukaenda moja kwa moja kwenye daftari lako, lazima akufuate. Inabidi umtafutie wenzake wa kubishana naye. Nitakueleza namna ya kufanya hivyo, ila kwanza tuizungumze hofu yenyewe ya kuiga, maana naiona ikiwazuia vijana wengi wenye kipaji, na historia ya riwaya yetu haiiungi mkono hata kidogo.

Mchukue Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Hadithi yake ilishinda shindano la uandishi lililoendeshwa na East African Literature Bureau miaka ya 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko na kupima mambo kwa akili tulivu wakati watu wanaomzunguka wamekwisha kumtwisha mzimu lawama. Ana rafiki yake, Najum, anayeona yale yale tunayoyaona sisi wasomaji na kushangaa pamoja nasi. Yeyote aliyemsoma Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, anajua kiko kile kimetoka wapi na rafiki yule amechukua nafasi ya nani. Abdulla hakuhangaika kuficha. Lakini kifungue kitabu chenyewe. Kiswahili ni cha Unguja, na kesi inazunguka mashamba, nasaba, imani za mizimu, mazungumzo ya barazani, adabu ya mgeni na mwenyeji. Holmes angeshindwa na kesi ile, kwa sababu asingejua nani ana haki ya kumuuliza nani swali gani ndani ya nyumba ile. Alichokopa Abdulla ni muundo: mtu mwenye akili kali, na pembeni yake mtu wa kawaida anayemtazama kwa niaba yetu. Akaendelea nao katika Kisima cha Giningi mwaka 1968 na katika vitabu vingine kadhaa, na leo Bwana Msa ni mtu wa Unguja kabisa.

Shaaban Robert naye alifanya hivyo hivyo. Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, imejengwa juu ya kisa cha Alfu Lela Ulela, kitabu ambacho kilikuwa kimetafsiriwa na kuchapwa kwa Kiswahili tangu miaka ya 1920. Katika kisa cha asili ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa mbwa. Kwa Shaaban Robert wanageuzwa manyani, na ndugu yao anawachapa huku roho ikimuuma. Wasomaji wa wakati ule waliokuwa wameisoma tafsiri walikitambua kisa. Wakaisoma na hii pia, kwa sababu walitaka kusikia jinsi mtu wa Tanga atakavyoupima wema na uovu, na hilo hawakuwahi kulipata kwenye kitabu cha kwanza.

Na Kezilahabi wako huyo huyo, anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeiondoa riwaya yetu kwenye njia ya Shaaban Robert, alifanya nini? Alipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika tasnifu yake ya shahada ya uzamili, mwaka 1976, kuhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Wakati huo Rosa Mistika ilikuwa imetoka tangu 1971, imekwisha kupigwa marufuku shuleni, na Kichwamaji na Dunia Uwanja wa Fujo zilikuwa mikononi mwa wasomaji. Mtu ambaye hakutaka kuandika kama Shaaban Robert ndiye aliyekaa akamsoma mstari kwa mstari. Huyo hakumkwepa mzee wake. Alimjua vya kutosha kuona ni wapi hakubaliani naye, na ndiyo kazi ninayokupa wewe.

Tuanze na kumwekea wenzake. Usimsome Kezilahabi bila mwandishi wa pili pembeni, tena awe mtu wa tabia tofauti. Kwa riwaya yako ningemchagua Adam Shafi, na katika vitabu vyake ningeanza na Kuli. Inahusu wachukuzi wa bandarini Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Sababu yangu si kwamba kahawa inafanana na bandari. Riwaya zetu nyingi hutaja kazi kisha zikaikimbia: "alikwenda shamba, jioni akarudi." Katika Kuli kazi ipo ukurasani. Unaona magunia, unaona jasho na uchovu wa mwili, unaona jinsi mwili uliochoka unavyofikiri na kugombana nyumbani usiku. Babu yako amevuna kahawa maisha yake yote. Msomaji akimaliza kitabu chako bila kujua mikono yake ilikuwaje msimu wa mavuno, utakuwa umemnyima babu nusu ya maisha yake.

Halafu ongeza mtu wa tatu kwa ajili ya muundo. Soma Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, hata kama uliisoma shuleni ukaichukia kwa sababu ya mtihani. Karama ameshtakiwa mbele ya mfalme, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na maarifa, wakaambulia adhabu. Kila safari ni hadithi kamili, lakini muda wote kuna roho ya mtu inayosubiri hukumu. Usiiige lugha yake, ni ya zama zake. Jiulize tu: katika riwaya yangu, ni jambo gani linasubiri hukumu wakati hadithi ndogondogo zinaendelea? Nina hakika kurasa zako arobaini zina visa vizuri vya babu. Sina hakika kama zina kitu kinachosubiriwa.

Sasa namna ya kusoma. Mara ya kwanza soma kama msomaji, haraka, kwa raha, usishike kalamu. Mara ya pili rudi kwenye sura moja tu iliyokugusa, na hapo unakili kwa mkono. Nasema unakili kweli: ukurasa mzima, neno kwa neno, kwenye daftari la mazoezi ambalo halitachapishwa kamwe. Vijana wengi wakisikia hivi hucheka, wakidhani ni adhabu ya shule ya msingi. Wakumbuke kwamba fasihi ya Kiswahili ilidumu kwa karne nyingi kwa njia hii. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi huko pwani ya kaskazini mwaka 1858, na umetufikia kwa sababu watu waliunakili kwa hati za Kiarabu, mkono kwa mkono, nyumba kwa nyumba. Kule Lamu alikuwepo Muhammad Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, mchonga mbao, mwanamuziki na mnakili wa miswada. Tenzi nyingi zilizohifadhiwa leo London na Ujerumani zimepita chini ya kalamu yake. Na Kijuma huyo huyo ni mtunzi. Utenzi maarufu wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913 ni wa mkono wake. Kunakili kazi za wengine hakukumnyang'anya sauti. Kulimfundisha mizani, vina, na jinsi ubeti unavyobeba kisa bila kuanguka.

Ukinakili ukurasa wa riwaya utaona mambo ambayo jicho huyapita. Tazama, kwa mfano, wakati unavyokwenda. Kiswahili kimetupa -ka-: akatoka, akafunga mlango, akashika njia. Ni zawadi kubwa kwa msimuliaji. Lakini miswada mingi ninayoletewa imeandikwa kwa -ka- kuanzia juu ya ukurasa hadi chini, na msomaji anachoka asijue kwa nini. Anachoka kwa sababu kila tendo limepewa uzito mmoja: kufunga mlango na kumzika baba vinapita kwa mwendo ule ule. Angalia mwandishi mzuri anausimamisha wapi mfululizo huo. Ataingiza -ki-, na ghafla matendo mawili yanatokea pamoja. Ataweka hu-, na tunatoka kwenye siku ile moja tukaingia kwenye mazoea ya miaka. Mahali pengine ataacha sentensi bila kitenzi kabisa, na hapo ndipo jambo zito limekaa. Ukinakili, mkono wako utausikia mguso huo kabla akili haijaupa jina.

Tazama pia mazungumzo, hasa kwa ajili yako, maana una swali gumu ambalo hukuniuliza. Babu yako na bibi yako walizungumza Kimatengo, lugha ya kwao Mbinga. Riwaya yako ni ya Kiswahili. Watazungumzaje? Rudi kwa Rosa Mistika kwa jicho hilo. Watu wake ni wa Ukerewe, na Kiswahili cha Dar es Salaam si lugha ya jikoni kwao, lakini hatuhisi kwamba tunasikiliza tafsiri. Usitosheke na mshangao, tafuta amefanyaje. Nani anamwita nani kwa jina, nani anamwita kwa jina la mtoto, baba anatoa amri kwa maneno mangapi, mama anajibu au ananyamaza. Mwaka gani babu alianza kuchanganya Kiswahili, na alikichanganya akiwa na nani: ofisa ushirika? karani wa mizani? askari? Hapo una sura nzima, na hakuna mwandishi mwingine atakayeweza kukuandikia.

Baada ya kunakili, funga kitabu na upumzike usiku mmoja kabla ya kugusa muswada wako. Mimi huwa sisomi riwaya asubuhi ya siku ninayoandika. Asubuhi nasoma ushairi, kwa sauti, ili sikio lifunguke. Riwaya nazisoma jioni kazi ikiisha. Jaribu hivyo uone kama kitakufaa. Kila mtu ana mpangilio wake.

Kuhusu huzuni ile, usiifute sura kwanza. Isome upya ukiwa na penseli, na kila mstari wa huzuni uuweke alama na uulize: babu alipoteza nini hapa? Kama kuna kitu alichopoteza, shamba, ndugu, heshima mbele ya wenzake, mstari ni wako hata kama Kezilahabi ndiye aliyekufungulia mlango. Kama hakuna alichopoteza, huzuni ni ya kuazima, irudishe. Nadhani utashangaa ni mistari mingapi itabaki. Watu wengi hawakuwahi kuruhusiwa kuwahuzunikia wazee wao mpaka walipokutana na kitabu kilichofanya hivyo.

Nije kwenye maktaba yako, ambayo umeieleza kana kwamba ni msiba. Mwanangu, vitabu vichakavu vya kilimo na siasa vya miaka ya sabini ndivyo hasa unavyovihitaji! Unaandika kuhusu kahawa katika miaka hiyo hiyo. Riwaya za wenzako unaweza kuazima kwa marafiki, lakini kijitabu cha bwana shamba cha mwaka 1974 kikitupwa hutakipata tena popote.

Maktaba zetu nyingi hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, kwa namba zilizoandikwa kwenye mgongo wa kitabu. Fasihi ya Kiswahili iko 896.392, na huko umekwisha kufika. Usiishie hapo. Nenda 633.73, ambako kahawa imewekwa: kupogoa, magonjwa, kumenya, kuanika. Nenda 334 usome kuhusu ushirika. Nenda 967.8 kwa historia ya Tanzania, na 398 kwa ngano na methali. Kama kuna chochote kilichoandikwa juu ya ngolo, ule ukulima wa Wamatengo wa mashimo na matuta kwenye miteremko mikali, kiombe na ukisome chote. Hakuna riwaya ya Kiswahili ninayoijua iliyomweka mtu akichimba ngolo ukurasani. Hiyo ni mali yako.

Sikiliza nini kilikuwa kinatokea duniani wakati babu anapogoa mibuni yake. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa ya Brazil, nchi inayoongoza duniani kwa zao hilo. Bei ya kahawa ikapanda kwa kasi katika miaka miwili iliyofuata. Huku kwetu, mwaka 1976, serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, na mazao yakawa mikononi mwa mamlaka na mashirika ya umma. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kabla ya hapo kuhamia vijijini kulikuwa kumetangazwa kuwa amri mwaka 1973, na kazi hiyo ikaendelea hadi 1976. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975 baada ya vita ambavyo watu wa mkoa wako walivisikia kwa masikio yao. Mwishoni mwa 1978 tukaingia vitani na Idi Amin. Hebu viweke pamoja: mkulima ambaye zao lake limepanda bei kuliko wakati wowote aliowahi kuuona, na mwaka huo huo chombo alichokijua cha kuliuzia kimevunjwa. Alilipwa nini? Na nani? Alilipwa lini? Alimwambia nini mkewe? Ulikuwa unatafuta kitu kinachosubiri hukumu katika riwaya yako. Huenda ndicho hicho, na kipo kwenye rafu uliyoipita ukitafuta riwaya.

Uliza pia vijitabu vya kampeni. Mwaka 1973 kulikuwa na Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi wakisikiliza redio, wakasoma na kujadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Vijitabu vyake viliandikwa kwa Kiswahili chepesi kwa watu waliotoka kujifunza kusoma juzi. Kwa mtunzi wa riwaya hilo ni sikio la zama zile: serikali ilimwambiaje babu yako, kwa maneno gani, kwa sauti gani. Unaweza kumweka kwenye kikundi kile akibishana na redio.

Magazeti ni mgodi mwingine. Maktaba yako pengine haina Uhuru na Mzalendo za miaka hiyo, lakini Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, barabara ya Bibi Titi Mohamed, na mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiko pa kuanzia. Ukipata nafasi ya kusafiri, nenda na orodha ya tarehe, usiende kupekua ovyo. Na usisome vichwa vya habari vya ukurasa wa mbele tu. Soma barua za wasomaji, matangazo ya biashara, bei za vitu, ratiba za mabasi, salamu za rambirambi. Bei ya sukari katika mwezi fulani itakupa ugomvi wa jikoni ambao usingeubuni.

Kabla ya safari hiyo, zungumza na mkutubi wako. Watu huingia maktaba wakamsalimia mkutubi kama mlinzi wa mlango, wakapita. Yeye ndiye anayejua vilivyo kwenye chumba cha nyuma, vilivyoondolewa rafuni kwa sababu havina jalada, vinavyosubiri kufungwa upya. Mwambie wazi: naandika riwaya kuhusu kahawa ya Mbinga miaka ya sabini. Mweleze na babu. Muulize kama kitabu kisichokuwepo kinaweza kuombwa kutoka maktaba nyingine. Sijawahi kukutana na mkutubi aliyeulizwa swali la namna hiyo kwa heshima akakaa kimya.

Naisemea maktaba kwa uchungu kwa sababu haikuwa haki ya kila mtu. Maktaba ya McMillan pale Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, jengo la nguzo nzuri katikati ya mji, na Mwafrika hakuruhusiwa kuitumia mpaka 1958. Kizazi kizima cha watu waliojua kusoma kilipita mbele ya mlango ule. Upande wa Tanganyika, sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru, na Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sikukuu ya uhuru wenyewe. Kaskazini mwa Kenya, tangu mwaka 1996, vitabu vimepelekwa kwa wafugaji vikiwa mgongoni mwa ngamia. Waliofanya kazi hizi waliamini kwamba mtoto wa mkulima anastahili rafu ya vitabu, hata kama ni vichache na vimechakaa. Mtoto huyo ni wewe.

Utaambiwa kwamba siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Vingi viko, na riwaya nyingi za Kiswahili zinazungushwa kwenye simu bila mwandishi wala mchapishaji kupata senti. Siwezi kumlaumu mwanafunzi asiye na hela ya nauli. Lakini wewe unataka kuingia kwenye kazi hii. Azima kitabu au kinunue, hata kimoja kwa mwaka. Zaidi ya hayo, simu itakupa ulichokitafuta tu. Kijitabu cha kupogoa mibuni hutakiandika kwenye kisanduku cha kutafutia, kwa kuwa hujui kwamba kipo. Rafuni kiko jirani na unachokitafuta, na mkono utakigusa.

Kuhusu kurasa arobaini: hapana, usizitume. Mchapishaji anahitaji muswada mzima. Ukipata jibu zuri kwa kurasa arobaini utaharakisha zilizobaki, na ukipata kimya utakata tamaa ya kitabu ambacho bado hujakijua. Maliza rasimu ya kwanza hata kama ina mashimo, mahali ambapo hujapata ukweli wa kihistoria andika kwenye mabano "bei?" au "mwezi gani?" na uendelee. Ukimaliza, iweke kando kwa muda, kisha msomee kwa sauti mtu mmoja anayeijua Mbinga na mtu mmoja asiyewahi kufika. Watakapochoka kwa pamoja, kata. Akichoka mmoja tu, fikiria kwanza ni yupi.

Hapo ndipo utazame milango. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo hutolewa tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu. Ipo pia tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, sasa Safal-Cornell, ambayo imewatoa waandishi wapya wengi. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma, maana urefu unaotakiwa na tarehe za mwisho hubadilika. Muswada usioshinda bado unaweza kupelekwa kwa mchapishaji, ukiwa umesafishwa, pamoja na muhtasari wa ukurasa mmoja unaoeleza kisa chote hadi mwisho wake. Usiufiche mwisho kwa mhariri. Anataka kujua kama unaweza kufika.

Na sura ya kwanza, hiyo uliyokwisha kuiandika, panga tangu sasa kwamba utaiandika upya baada ya kuimaliza ya mwisho, ukishajua babu alilipwa nini mwaka ule.